Geji ya Mafuta ya Pikapu ya Zamani Ikidanganya: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Hitilafu

Mwenye pikapu ambayo geji ya mafuta imekufa huendesha kwa hesabu za kichwani. Juzi niliweka ya elfu thelathini, nimekwenda shamba na kurudi, basi bado yapo. Hesabu hiyo inakubali mpaka siku gari likopeshwe kwa shemeji. Ikiwa ni la petroli, utatembea na dumu hadi sheli iliyo karibu. Ikiwa ni la dizeli balaa ni kubwa zaidi, kwa sababu mafuta yakikatika upepo unaingia kwenye mabomba, na hata ukijaza tangi injini haitawaka mpaka ulegeze nati, upige pampu ya mkono juu ya chujio na kutoa upepo wote.

Kutengeneza geji si kazi ngumu. Kinachowapotezea watu fedha ni kuanzia dukani. Mtu anasema "geji haisomi", anaambiwa "nunua boya", kile kifaa cha tangini kinachopima mafuta. Boya linanunuliwa, tangi linashushwa nusu siku, na mshale bado umelala, maana kilichokuwa kibovu ni waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye chesisi na hasi ya betri) wa urefu wa kiganja. Kwa hiyo usinunue wala usifungue chochote kabla hujajua kama ugonjwa uko upande wa tangi au upande wa dashibodi. Kipimo cha kutenganisha pande hizo mbili kinachukua dakika chache.

Nitatumia Toyota Hilux kama mfano, hasa zile za 1988 hadi 1997, modeli za LN85 na LN106, kwa kuwa bado zimejaa barabarani na spea zake zinapatikana. Mwenye Isuzu, Peugeot 504 au Land Rover atafuata njia hiyo hiyo, ila namba za vipimo zitakuwa tofauti.

Umeme unavyopita

Umeme unatoka kwenye betri, unapita swichi ya funguo, fyuzi, kisha geji yenyewe. Kutoka kwenye geji unashuka kwa waya mmoja unaofuata chesisi hadi kwenye tangi. Juu ya tangi kumefungwa kifaa ambacho mafundi wengi wanakiita boya: kina floti inayoelea kwenye mafuta, mkono wa chuma unaoishikilia, na koili ya waya mwembamba ambayo kijiulimi kinatelezea juu yake kadiri floti inavyopanda na kushuka. Baada ya koili umeme unarudi kwenye betri kupitia ethi.

Kijiulimi kikihama, ukinzani wa koili, yaani jinsi inavyozuia umeme, unaopimwa kwa omu, unabadilika. Kwenye Hilux nyingi za miaka hiyo, tangi likiwa limejaa utapata karibu omu 3, nusu tangi karibu omu 32, na tangi tupu karibu omu 110. Toyota za zamani zaidi, zenye geji ya joto (mshale husukumwa na bati linalojikunja likipata moto), husoma karibu 17 zikijaa, 40 nusu na 120 zikiwa tupu. Ukinzani ukipungua, umeme mwingi unapita na mshale unapanda.

Hapo unapata mambo mawili ya kushika kuliko yote. Kwenye Toyota, waya wa boya ukikatika mshale unalala kwenye E (tupu). Waya huo huo ukigusa chesisi, mshale unapanda hadi F (limejaa). Land Rover za zamani na Ford za Kimarekani za zamani zinafuata mwelekeo huo. Magari ya General Motors (GM) ya Marekani, na geji nyingi za kampuni ya VDO ya Ujerumani, yanakwenda kinyume: ukinzani mdogo ni tangi tupu, hivyo waya ukikatika mshale unaruka juu. Jua gari lako liko kundi gani kabla hujatafsiri kipimo chochote.

Halafu itazame geji yenyewe. Ukifungua swichi na mshale ukapanda taratibu kwa sekunde nyingi, hiyo ni geji ya joto, na mara nyingi ina regyuleta inayopunguza volti. Ukiruka mara moja, ni geji ya koili. Geji nyingi za koili zinaacha mshale pale pale hata ukizima gari, kwa hiyo mshale ulioganda katikati wakati funguo umeshauchomoa si ushahidi wa ubovu.

Anza kwa macho

Fungua swichi bila kuwasha injini, utazame dashibodi nzima. Kama geji zote zimelala na taa za onyo za oili na betri haziwaki, hilo si suala la mafuta tena. Kwenye Hilux tafuta fyuzi iliyoandikwa GAUGE. Usiridhike kwa kuiangalia tu. Pima volti pande zake mbili, kwa maana fyuzi inaweza kuonekana nzima kumbe mguu wake umeoza. Ikiwa imeungua, weka ya ampea zile zile. Wanaofunga karatasi ya sigara au kipande cha waya badala ya fyuzi ndio ambao baadaye wanabadilisha nyaya za dashibodi nzima.

Kama geji ya mafuta na ya joto la injini zote zinasoma juu kupita kiasi, au zote zinasoma chini, shuku regyuleta au njia ya umeme wanayoshirikiana. Vitu viwili haviharibiki siku moja kwa kufanana hivyo.

Washa indiketa, kisha taa za nyuma, kisha kanyaga breki. Mshale ukicheza pamoja na indiketa, ethi ya nyuma ni mbovu: umeme wa taa umekosa njia ya kurudi na unajipenyeza kwenye njia ya boya. Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote na kinafichua sehemu kubwa ya matatizo ya pikapu, kwa kuwa nyuma ndiko kunakopigwa tope, kunakooshwa kwa maji ya presha na kunakounganishwa nyaya za trela kwa selotepu.

Mshale unaosoma vizuri ukijaza lakini unaanguka ghafla ukifika usawa fulani, kisha unarudi, unaonyesha koili iliyolika sehemu hiyo. Wengi wetu tunaweka mafuta kidogo kidogo kulingana na mfuko, kwa hiyo kijiulimi kinasugua robo ya chini ya koili miaka nenda miaka rudi, na hapo ndipo panapokufa kwanza. Mshale unaosoma zaidi au pungufu kwa kiasi kile kile siku zote ni mkono wa floti uliopinda, au boya la gari jingine lililolazimishwa kuingia.

Usalama

Hewa ya petroli ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Inatambaa chini na kutuama kwenye shimo la gereji, na cheche ndogo ya waya inatosha. Fanya kazi nje, mbali na jiko la mama lishe na fundi wa kuchomelea, na uwe na mtungi wa kuzimia moto karibu. Vipimo vya umeme vifanyike tangi likiwa limefungwa na hakuna panapovuja. Siku ya kufungua tangi, toa kwanza waya wa hasi wa betri. Tangi la petroli lililokaushwa ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa limebaki na hewa yake ndani. Hakuna kulichomelea bila kusafishwa na mtu anayejua kazi hiyo. Dizeli ina ukali mdogo kuliko petroli, lakini usiizoee.

Kipimo kinachotenganisha

Ingia chini ya gari, fuata waya unaotoka juu ya tangi hadi kwenye plagi yake. Utakuta nyaya mbili au tatu: wa geji, wa ethi, na kwenye magari yenye taa ya mafuta kuisha, wa taa hiyo. Tenganisha plagi. Ukiwa na mita (kipimo cha umeme), swichi ikiwa imezimwa, waya unaosoma karibu omu sifuri hadi kwenye chesisi ndio ethi. Fungua swichi: waya wa geji na wa taa zote zinaweza kuonyesha volti, lakini ukigusisha wa taa kwenye chesisi, taa ya njano inawaka.

Plagi ikiwa imetengana na swichi imefunguliwa, mshale wa Toyota unapaswa kushuka hadi E. Ukibaki juu, waya umegusa chesisi mahali fulani, au geji imekwama.

Sasa chukua balbu ndogo ya dashibodi ya wati 3.4. Unganisha mguu mmoja kwenye waya wa geji wa upande unaokwenda dashibodi, mguu wa pili kwenye chuma safi cha chesisi. Balbu iwake na mshale uanze kupanda kuelekea F. Balbu inazuia umeme mwingi usipite kwenye geji, ndiyo sababu naipendelea kuliko waya mtupu. Kama huna balbu, gusisha waya kwa sekunde chache tu na uondoe mara mshale ukisogea. Mwambie mtu akae kwenye usukani akusomee. Ukiwa peke yako utakuwa unatambaa huku na huko.

Mshale ukipanda, dashibodi, fyuzi na waya mrefu ni vizima, na kazi yako iko kwenye boya au ethi yake. Usipopanda, achana na tangi kabisa. Ugonjwa uko mbele.

Anayetaka uhakika zaidi anunue resista mbili kwenye duka la vifaa vya redio, ya omu 33 na ya omu 100, za wati 2 au zaidi, kwa kuwa ndogo zitapata moto. Weka ya 33 mahali pa balbu: mshale usimame karibu na nusu. Weka ya 100: uwe karibu kabisa na E. Ikiwa geji inatii resista zote mbili lakini inadanganya ikiunganishwa na boya, hukumu imeshatoka.

Ethi kwanza, boya baadaye

Kabla ya kushusha tangi, chukua waya mrefu, ufunge ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye ethi ya boya upande wa tangi. Rudisha plagi, fungua swichi. Mshale ukiamka, umemaliza. Tangi la pikapu hushikwa kwa mikanda yenye vipande vya mpira na rangi juu ya rangi, kwa hiyo usitegemee kuwa kwa kuwa ni chuma basi limeungana vizuri na chesisi. Tafuta mahali ethi inapofungwa, kwangua kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga kwa bolti na washa ya meno, kisha paka grisi juu. Grisi inawekwa baada ya kukaza, si kabla. Kwa mita, kutoka ethi ya boya hadi hasi ya betri pasizidi omu 1.

Angalia pia plagi yenyewe. Ukungu wa kijani kwenye vichwa vya shaba ni ukinzani, na ukinzani kwenye Toyota unasomeka kama upungufu wa mafuta. Gari lenye omu 20 za uchafu kwenye plagi litakuonyesha robo tatu tu siku uliyojaza, likuonyeshe tupu wakati bado kuna mafuta.

Ikiwa tatizo liko mbele

Waya mrefu hukatika mahali pa kutabirika: penye kamba ya breki ya mkono, karibu na ekzozi, kwenye kona anapokaa panya, na popote mtu aliwahi kuunganisha redio, alamu ya wizi au taa za trela. Njia ya haraka ni kupitisha waya wa muda kutoka nyuma ya geji hadi plagi ya tangi, nje ya chesisi. Geji ikifufuka, pitisha waya mpya wa kudumu ndani ya mpira wake na uache kumtafuta mchawi kwenye ule wa zamani.

Kutoa kibao cha geji kunahitaji subira kuliko nguvu. Plastiki za miaka thelathini zimekauka, vishikio vinavunjika kama biskuti. Toa hasi ya betri, skrubu za fremu, kisha vuta kidogo upate nafasi ya kubonyeza kishikio cha kebo ya spidi. Nyuma ya geji kuna karatasi ya plastiki yenye njia za shaba, na nati ndogo zinazoshika geji ndizo zinazopitisha umeme. Zikilegea, geji inafanya kazi kwenye barabara nzuri na inazimika kwenye makorongo. Zikaze kwa vidole na robo mzunguko wa spana, si zaidi. Njia ya shaba iliyokatika inarukwa kwa waya mwembamba uliolehemiwa. Geji yenyewe kufa hutokea mara chache kuliko watu wanavyodhani.

Kutoa boya

Hapa kuna njia mbili: kushusha tangi au kunyanyua bodi (sanduku la mizigo la nyuma). Tangi likiwa na mafuta mengi ni mzigo mbaya wa kubeba kifuani, kwa hiyo yapunguze kwanza kwenye madumu safi. Ukiwa na vijana wanne na bolti za bodi hazijaoza, binafsi nanyanyua bodi. Unaona kila kitu kwa juu, na kwa kuwa uko hapo unakagua mabomba ya breki na kutu ya chesisi. Usisahau kutenganisha nyaya za taa na shingo ya kujazia mafuta kabla ya kunyanyua.

Juu ya tangi utakuta udongo wa miaka. Ufute wote, upulize kwa upepo, osha kwa brashi, ndipo ufungue skrubu. Mchanga ukiingia ndani utaliziba chujio kila wiki. Skrubu zipakwe mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia. Weka alama ya boya lilivyokaa, kisha lichomoe kwa kulipindisha bila kupinda mkono wa floti.

Likaushe, kisha peleka miguu ya mita kwenye kichwa cha waya na ethi. Inua mkono wa floti pole pole kutoka chini hadi juu. Namba zishuke kwa mtiririko kutoka karibu 110 hadi karibu 3. Panaporuka hadi mita ikaonyesha waya umekatika, ndipo penye kidonda. Rudia mara kadhaa, kwenda na kurudi.

Floti itikise sikioni. Ya shaba ikilia majimaji, imetoboka na imekunywa mafuta, na floti iliyozama itasoma tupu hata tangi likifurika. Kuitafuta tundu, itumbukize kwenye maji ya moto, mbali na moto wenyewe, utaona mapovu. Kulehemu tundu kwa risasi kunawezekana, lakini mpaka mafuta yote yatoke na ikauke kabisa, hasa kama ni petroli. Floti ya plastiki ibadilishwe tu.

Koili yenye uchafu mweusi isafishwe kwa spiriti na kitambaa laini, au ufutio wa penseli, kufuata mkondo wa nyuzi. Msasa hapana, nyuzi zake ni nyembamba kama nywele. Kama kijiulimi kimechoka na hakigusi vizuri, kikunje kidogo sana kiongeze mgandamizo. Koili iliyokatika uzi si ya kutengeneza. Wapo wanaoigusisha kwa risasi na ikafanya kazi, lakini kijiulimi kikipita pale juu ya donge kinakwama.

Kununua na kurudisha

Ukienda kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, nenda na boya la zamani mkononi, na mita mfukoni. Linganisha urefu wa mkono, kimo kutoka kwenye bamba hadi floti, mpangilio wa matundu ya skrubu na idadi ya vichwa vya waya. Kisha pima pale pale dukani. Boya la mtumba linalosoma vizuri kutoka juu hadi chini ni bora kuliko jipya la bei rahisi linaloanzia omu 10 na kuishia 180. Hilo ni la mfumo mwingine, na kwenye Hilux litakuonyesha kinyume. Muuzaji asiyetaka upime, mwachie bidhaa yake.

Gasketi iwe ya koki (cork) au ya mpira unaostahimili mafuta. Mpira wa tyubu ya baiskeli unavimba na kuvuja ndani ya muda mfupi, na silikoni ya kawaida inalainika ikikutana na petroli. Kaza skrubu kwa mkingamo, kidogo kidogo.

Kabla ya kukaza bodi, sahihisha usomaji. Gari likiwa mahali tambarare na tangi karibu tupu, mimina lita tano tano kwa dumu lililopimwa, subiri mafuta yatulie, andika mshale ulipo kila mara. Mshale ukikuonyesha robo wakati tangi ni tupu, toa boya na kunja mkono ili floti ikae juu zaidi. Kunja karibu na koili, huku ukiishikilia kwa plaizi nyingine isichukue nguvu yote. Geji ya Toyota ikifika E huwa bado kuna lita kadhaa chini, na hilo liachwe kama lilivyo. Ile karatasi ya lita ibandike ndani ya mlango wa boksi la dashibodi. Mwishowe jaza tangi mpaka shingoni, weka gari kwenye mteremko kwa usiku mmoja, na asubuhi pitisha kidole kuzunguka bamba la boya kuona kama kuna unyevu.